Bustani ya Mzee Mshume: Wito kwa Watu wa Boko na wa Dar es Salaam Yote

Ndugu zangu wa Boko, na nyinyi jirani zetu wa Bunju, Tegeta, Ununio na Mbweni, na baada yenu wananchi wote wa Dar es Salaam, nawaandikieni kwa sababu ya haja moja niliyoichukua moyoni muda mrefu, ambayo siwezi kuitimiza peke yangu, wala hapana mtu mmoja, awe tajiri au mwenye cheo, awezaye kuitimiza kwa niaba yetu. Haja yenyewe ni kwamba bustani iliyo katika viwanja vya Mnazi Mmoja ipewe jina la marehemu Mzee Mshume Kiyate, mwuza samaki wa soko la Kariakoo na mjumbe wa Baraza la Wazee wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, na kwamba jina hilo liombwe na watu kabla halijaamriwa na wakubwa.

Aghalabu itajwapo habari ya uhuru wa Tanganyika, msikilizaji humkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, kisha Bibi Titi Mohamed, na mwenye kusoma zaidi huongeza Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na John Rupia. Na wote hao wanastahiki taadhima wanayopewa, na nyingine zaidi ya hiyo. Walakini harakati haziendi kwa hotuba peke yake. Mwalimu alipoacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, aliacha mshahara wa kila mwezi akaingia katika chama ambacho tangu kuzaliwa kwake, tarehe 7 Julai 1954, kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja, hakina hazina wala mali, ilhali yeye alikuwa na mke na watoto, na serikali aliyokuwa akishindana nayo ilikuwa na magereza, polisi na fedha za nchi nzima.

Katika dhiki hiyo ndipo soko la Kariakoo lilipojitokeza. Msimamizi wa soko wakati huo alikuwa Abdulwahid Sykes mwenyewe, na wafanyabiashara waliokuwa chini ya macho yake, watu wa nazi, wa nafaka, wa mboga na wa samaki, wengi wao hawakupata elimu ya shule za serikali, lakini walikuwa na jambo ambalo shule haikufundisha: walijua maana ya kumkirimu mgeni, na walijua kwamba mgeni aliyekuja kwa ajili yenu hali chakula chake mwenyewe. Mzee Mshume alikuwa miongoni mwao. Yeye na wazee wenziwe waliuchukua mzigo wa kuhakikisha kwamba nyumba ya kiongozi wao haikosi kitoweo, nao hawakuandika daftari la deni, wala uhuru ulipopatikana hawakupeleka hesabu Ikulu.

Nisemapo habari hii kwa watu wa Boko nasema na watu wanaoielewa bila ya maelezo. Sisi tunaishi ukingoni mwa bahari. Tunawaona wavuvi wa Ununio na Kunduchi wakirudi alfajiri, na tunajua kwamba samaki ni mali isiyongoja, ambayo ikifika adhuhuri haijauzwa, barafu ikikosekana, imekwisha kuwa hasara. Mtu ambaye katika biashara ya namna hiyo, kila siku, hutenga fungu la wengine kabla hajajua kama siku itampa faida, huyo hakutoa kilichozidi; alitoa katika mtaji. Na mtaji wa mwuza samaki hauna akiba nyuma yake.

Mwezi wa Januari mwaka 1964 askari walipoasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, na ambayo sisi wa barabara ya Bagamoyo tunaipita kila tuendapo mjini, nchi changa ilitikisika hata mizizini. Dhoruba ilipotulia, wazee wa Dar es Salaam walimwendea Mwalimu kumthibitishia kwamba wako pamoja naye, na mkono uliomvika kitambi siku hiyo, yaani kitambaa kilicho ishara ya heshima na ya amani kwa mila ya pwani, ulikuwa mkono wa Mshume Kiyate. Naomba mlitafakari jambo hili kwa utulivu. Rais wa nchi, aliyekwisha kutambuliwa na mataifa ya dunia, alikuwa na haja ya kuvikwa kitambi na mwuza samaki, na wote wawili walijua kwamba haja hiyo ni ya kweli.

Sasa yawezekana mtu akaniambia: Je, huyo si amekwisha kupewa mtaa? Naam, alipewa. Mtaa wa Tandamti, pale pale Kariakoo, uligeuzwa jina ukaitwa Mtaa wa Mshume Kiyate, na nia ya waliofanya hivyo ilikuwa njema, nami nawaombea jaza. Lakini nendeni leo mkasimame katika mtaa huo, mwulizeni kijana anayepanga bidhaa zake kando ya njia, mwulizeni mchukuzi wa mkokoteni, mwulizeni mama anayenunua vitenge: watawaambia Tandamti. Jina la mzee liliwekwa juu ya nguzo, halikuwekwa katika vinywa, na jina lisilotamkwa haliwezi kumkumbusha mtu yeyote kitu chochote.

Tena nakiri kwamba Tandamti si jina la kudharauliwa. Waliopanga mitaa ya Kariakoo wakati wa Waingereza waliipa baadhi yake majina ya mahali palipopiganwa vita vya kusini mwaka 1917, ndiyo sababu tuna Narung'ombe, tuna Mahiwa, tuna Tandamti. Na Kariakoo yenyewe ni jina la lile jeshi la wapagazi, yaani Carrier Corps, lililopita katika ndimi zetu likawa Kiswahili. Wapagazi hao walikuwa babu zetu, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, wakiibeba mizigo ya ugomvi usiokuwa wao. Kwa hiyo simlaumu anayeshikilia Tandamti, hata ikiwa hajui anachokishikilia, na sipendi kumpa mzee wetu heshima kwa kuwanyang'anya maiti wengine kumbukumbu yao. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kuutazama Mnazi Mmoja.

Viwanja vya Mnazi Mmoja viliachwa wazi na wakoloni ili vitenge Kariakoo ya Waafrika na mji wa Wahindi na Wazungu. Ardhi iliyokusudiwa kuwa mpaka ikageuzwa na wenyeji kuwa mahali pa kukutana: pa mikutano ya siasa, pa maulidi, pa kupumzika chini ya mti mtu akisubiri jua lipungue. Upande mmoja vinapakana na barabara iliyopewa jina la Bibi Titi Mohamed. Upande mwingine uko Mtaa wa Uhuru, ambao zamani uliitwa Kichwele, na Mtaa wa Lumumba, ambao zamani uliitwa New Street, na ndiko TANU ilikozaliwa. Angalieni basi jinsi Mzee Mshume angekuwa kati ya majirani zake wa kweli, hatua chache kutoka sokoni alikofanya kazi, katika kivuli kinachowahifadhi mpaka leo watu wa hali yake: wachuuzi, wachukuzi, wasafiri wasiokuwa na nauli ya kutosha kuharakisha.

Siombi jina la Mnazi Mmoja lifutwe. Jina hilo halikupewa na serikali yoyote, na serikali yoyote itakayojaribu kulifuta itashindwa. Naomba bustani, yaani sehemu ya miti na ya kukaa, iitwe Bustani ya Mshume Kiyate, Mnazi Mmoja, ili jina jipya liegemee jina la zamani kama mtoto anavyoegemea bega la bibi yake.

Unguja wana funzo kwetu katika jambo hili. Bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, ikaitwa bustani ya Jubilei. Sultani alikuwa na utawala, na hata wengi wa raia zake walimpenda, lakini watu walizoea kuiita Forodhani, na Forodhani ndiyo iliyobaki, hata baada ya kukarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Kwa upande wa pili, Nairobi wamempa marehemu John Michuki, waziri aliyefariki mwaka 2012, bustani kando ya mto aliojitahidi kuusafisha alipokuwa na dhamana ya mazingira, na jina hilo linashika kwa sababu mtu anayekaa pale huuona mto, na akiuona mto huelewa kwa nini jina liko pale. Mahali na mtu vikishuhudiana, kibao hakina kazi kubwa.

Na kwa nini wito huu utoke Boko, ambako ni mwendo mrefu hata kuufikia Mnazi Mmoja, na tena ni katika Manispaa ya Kinondoni, ilhali viwanja vile viko chini ya Halmashauri ya Jiji? Nimejiuliza swali hilo kwa insafu, na jibu nililolipata ni hili. Wengi wetu tuliohamia huku pembezoni, tukajenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, katika viwanja ambavyo jana vilikuwa pori, wazazi wetu walianzia Kariakoo, Ilala, Magomeni au Temeke. Tumekuja na magodoro na masufuria, hatukuja na habari zao. Tena Boko inajua kupaita mahali jina. Magengeni hapakupewa jina hilo na mkutano wa madiwani. Palikuwa na magenge, watu wakanunua nyanya na vitunguu, makonda wakapaza sauti, pakawa Magengeni. Mwaka 2022 nchi nzima ilipowekewa anwani za makazi, nasi tukapata nguzo na vibao katika njia zetu, na nyote mwajua ni vibao vipi tunavitumia tunapomwelekeza mgeni, na ni vipi tunavipita kama havipo. Watu wenye uzoefu huo ndio wanaofaa kuanza kazi ninayoisema.

Kazi yenyewe naieleza kama ninavyoiona, na mwenye rai bora aitoe. Kwanza, jambo hili liletwe katika mikutano ya mitaa yetu, lisomwe kwa sauti, lijadiliwe, na anayepinga asikilizwe kwa adabu, maana kupinga kwake kutatufunza. Likikubaliwa, iandikwe barua moja fupi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na nakala kwa madiwani, itiwe saini na wakazi wa Boko, kisha ipelekwe kwa jirani zetu wa Bunju na Tegeta, ishuke Mwenge, ivuke Magomeni, ifike Kariakoo kwa wafanyabiashara wa soko, ambao saini zao zina haki ya kutangulia zetu zote. Tusitafute mfadhili wa kulipia kibao. Kila atiaye saini na atoe kiasi kidogo alichonacho, hata kikiwa cha thamani ya nauli ya kituo kimoja, ili kibao kitakapowekwa kiwe kimenunuliwa kwa fedha za namna ileile iliyoijenga TANU.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na hapa nawaomba hasa wazee na walimu. Wamebaki wachache waliomwona Mzee Mshume kwa macho yao, au waliosimuliwa na baba aliyekaa naye sokoni. Kila mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani, na hapa Boko sina shaka wamo, amketishe jioni, amwulize, aandike au arekodi kwa simu aliyo nayo mkononi, bila ya kupamba na bila ya kusahihisha: samaki waliuzwaje, nani alikopesha nani, fedha za chama zilifichwa wapi siku ya msako, wanawake wa nyumba hizo walipika nini na kwa ajili ya wangapi. Jina la bustani pasipo habari hizi litapata ajali ileile iliyolipata jina lake katika Mtaa wa Tandamti. Walimu nao wawape watoto zoezi la kuuliza majina ya mitaa yaliyo katika mji wao, kwa kuwa mtoto aliyewahi kuuliza hawezi tena kusoma kibao bila ya kutaka kujua.

La tatu halihitaji barua wala mkutano. Kuanzia leo, ukimwagiza mwenzako mkutane mjini penye kivuli, mwambie mkutane Bustani ya Mshume Kiyate. Akiuliza ni wapi, mwambie ni Mnazi Mmoja. Akiuliza ni nani, mweleze. Itakuchukua muda wa basi kutoka Boko Magengeni hadi Basihaya. Msingoje Halmashauri ijibu ndipo muanze, wala msione haya kwamba mnaliita jina lisilokuwa rasmi, kwani barua yetu itakapofika mezani, nataka Diwani atakayeisoma awe amekwisha kulisikia jina hilo asubuhi yake, kutoka kwa konda, au kwa mama aliyemwuzia samaki.