Kabaidi yamfaa fundi, haimfai muuza maembe

MFANYABIASHARA anayenunua maembe shambani huwa na haraka ya kuyafikisha sokoni yakiwa ya njano. Haraka hiyo huwafanya baadhi yao wafunge vipande vya kabaidi kwenye karatasi na kuvificha katikati ya tenga.

Kabaidi ni jiwe la kijivu linalotengenezwa kwa kuchoma chokaa na makaa katika tanuri la umeme, njia iliyogunduliwa mwaka 1892. Likipata maji, au hata unyevu wa matunda, hutoa gesi ya asetilini. Kabla ya umeme kuenea, gesi hiyo iliwasha taa za wachimba madini, baiskeli na magari. Jina la taa ya karabai ni kumbukumbu ya zama hizo. Leo gesi hiyo hutumiwa pia na mafundi. Ikichanganywa na oksijeni hutoa mwali wenye joto la zaidi ya nyuzi 3,000, unaokata na kuunga vyuma.

Ndani ya tenga, asetilini huiga ethilini, gesi ambayo tunda lenyewe hutoa linapoiva. Tatizo ni kwamba kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni sumu. Isitoshe, asetilini hulipuka kwa urahisi ikikutana na cheche, hivyo ghala lisilopitisha hewa ni hatari kwa mwenye mali mwenyewe. India imepiga marufuku kuivisha matunda kwa njia hii.

Hata kibiashara, faida yake ni ya muda mfupi. Embe lililochumwa changa hugeuka rangi ya ganda, lakini ndani hubaki gumu na lisilo na utamu. Mteja aliyedanganywa hatarudi kwenye meza hiyo. Mkulima naye hupunjika, kwani tunda changa halijafikia uzito wake.

Njia salama haihitaji mtaji mkubwa. Maembe yachumwe yakiwa yamekomaa, kisha yavundikwe kwenye chombo kilichofunikwa pamoja na ndizi mbivu chache, ambazo hutoa ethilini. Wenye mizigo mikubwa wanaweza kuchangia chumba maalumu cha kuivishia kwa ethilini, kama wafanyavyo wauzaji wakubwa wa ndizi. Siku mbili tatu za kusubiri ni gharama ndogo kuliko kumpoteza mteja.