Gari la volti 6: punguzo la bei lisikuhadae

Anayenunua Volkswagen ya kale, ile ya mgongo wa mviringo, ili aikodishe kwa maharusi au aitengeneze na kuiuza, kwanza hutazama bodi, kisha injini, kisha bei. Umeme huachwa mwisho. Kwa maoni yetu hapo ndipo mtaji mdogo unapopotelea, hasa muuzaji anapopunguza bei kwa sababu gari ni la volti 6.

Kampuni za Marekani zilihamia volti 12 katikati ya miaka ya 1950. Volkswagen ilichelewa hadi modeli za mwaka 1967, na hata baada ya hapo toleo lake la bei nafuu liliendelea na volti 6 kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye kadi hautoshi. Inua kiti cha nyuma uhesabu vifuniko vya betri: vitatu ni volti 6, sita ni volti 12. Kisha soma maandishi ya koili na balbu, kwani wapo wanaobadili betri peke yake na kutangaza kwamba gari limeshakuwa la volti 12.

Wapenzi wa magari haya watakukumbusha kwamba Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Ni kweli, lakini ilikuwa mpya, na nyaya zake hazikuwa na kutu wala vumbi la miaka sitini. Taa ya wati 45 kwenye volti 6 huvuta ampia 7.5, kwenye volti 12 huvuta 3.75 tu. Kutu ikila volti moja njiani, gari la volti 6 limepoteza sehemu moja ya sita ya nguvu yake ya msukumo, na mwanga wa balbu hushuka kwa kasi kuliko volti zinavyoshuka. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati imewafanya watu wakimbize magari usiku, na ng'ombe na punda hawajaacha kuivuka. Gari lenye taa za rangi ya chungwa halifai huko.

Kuna na suala la msaada. Betri ikilala karibu na Manyoni, Toyota inayopita ina volti 12 na lori kubwa lina 24. Hakuna wa kukuazima umeme bila kuhatarisha vifaa vyako.

Basi tunasema badilisha, ila badilisha vyote. Betri, dinamo na rigyuleta yake, koili, balbu zote, relei ya indiketa na honi. Mota ya waipa nayo ibadilishwe au ipewe kifaa cha kupunguza volti, la sivyo itaungua. Kabla ya kulipia dinamo kagua kishikilio chake, maana ile ya volti 12 mara nyingi ni nene kuliko ya zamani. Fundi akikuambia nyaya zote zing'olewe, mwulize sababu. Nyaya za volti 6 ni nene na zitabeba nusu ya mkondo wa zamani. Zilizochakaa ndizo za kubadili. Starta ya zamani pia yaweza kubaki, mradi usiishikilie muda mrefu. Meno ya flaiwili yanatofautiana, 109 kwa volti 6 na 130 kwa volti 12, na kuibadili kunakulazimu kushusha injini.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, gari la volti 6 linauzwa shilingi milioni 6, na jingine la hali hiyo hiyo lenye volti 12 ni milioni 7. Ukiagiza vifaa Gerezani, Dar es Salaam, ukalipa usafirishaji na fundi, na jumla ikafika milioni 1.3, punguzo lile limekula 300,000 zako, bila kuhesabu Jumamosi ambazo gari halikwenda harusini. Pata bei za vifaa kutoka maduka mawili au matatu kwanza, ndipo umwendee muuzaji ukiwa na karatasi mkononi. Asiposhuka kufikia gharama hiyo, mwache.

Tunalikubali pingamizi moja. Gari ambalo bado lina kila kifaa chake cha kiwandani huwa na mnunuzi wa aina yake, naye hulipia uhalisi huo. Kama ndilo ulilopata, na haliendi mbali wala usiku, safisha viungio vyote vya nyaya kwenye bodi, funga relei kwenye taa kubwa, uliache hivyo. Ukiamua kubadilisha, kila kilichotolewa kifungiwe kwenye sanduku na kiuzwe pamoja na gari, usimwachie fundi.