Nani huzipa chembe za angani mbio hizi?

Kijana, ukiambiwa eti sayansi ya anga imeshamalizwa na wengine, nasi kazi yetu ni kukariri tu, kataa. Nina hoja moja: Centaurus A.

Hii ni galaksi iliyo umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 12. Usiku wa Mei na Juni huwa upande wa kusini wa anga letu. Katikati yake pana shimo jeusi lenye uzani wa mamilioni ya majua, ambalo limerusha gesi pande mbili hadi ikaumuka kama mabawa mawili. Lau macho yetu yangeona mawimbi ya redio, mabawa hayo yangeonekana mapana kushinda miezi mipevu 15 iliyopigishwa foleni.

Wengi hudhani shimo jeusi ndilo hufanya kazi yote, na mabawa ni jaa la mabaki tu. Sivyo. Mwaka 2010, darubini ya Fermi inayoizunguka dunia ilinasa miale ya gamma ikitoka mabawani. Miale hiyo inahitaji elektroni zenye nguvu nyingi mno, na elektroni kama hizo huchoka kabla ya miaka milioni moja kuisha. Safari ya kutoka shimoni hadi huko nje ni ndefu kuliko hapo. Yaani, zinaongezewa nguvu hukohuko!

Vipi? Enrico Fermi, mwanafizikia ambaye darubini hiyo ina jina lake, alitoa wazo mwaka 1949. Rusha mpira kwenye matatu inayokujia mbio (hapana, usijaribu), utarudi na kasi zaidi. Mabawani, matatu ni nguvu za sumaku zinazosukwasukwa pamoja na gesi. Chembe hugonga hapa, ikagonga pale. Mara nyingine hupoteza kidogo, ila migongano ya ana kwa ana ni mingi zaidi, kwa hivyo faida hushinda hasara.

Ubishi uliobaki ni kama mchezo huu huzaa zile chembe kali kupita zote zinazotua duniani. Moja iliyonaswa Utah, Marekani, mwaka 1991 ilikuwa na nguvu za mpira wa tenisi uliopigwa kwa raketi. Chembe moja tu! Hakuna aliyethibitisha ilikotoka.

Na vifaa vya kutafuta jibu viko hapa Afrika. H.E.S.S. ya Namibia ilionyesha mwaka 2020 kwamba elektroni huongezewa nguvu hata njiani, ndani ya mkondo wa Centaurus A. Afrika Kusini ina MeerKAT, mtangulizi wa SKA, na Kenya ni mmoja wa washirika wa mradi huo barani. Kwa hivyo mwalimu wa fizikia akiuliza kama kuna swali, inua mkono.