Kamera Puani Haitoshi

Saratani ya nyuma ya pua hujificha mahali ambapo jicho la daktari halifiki. Wengi hufika hospitalini shingo imekwisha kuvimba. Ndiyo maana ninaikaribisha mirija midogo yenye kamera nchani, ipenyayo puani kumfuatilia mgonjwa hata baada ya tiba. Lakini kamera haimtafuti mgonjwa. Huko Hong Kong, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanaume zaidi ya 20,000 walipimwa damu kwanza, kusaka chembe za virusi vya Epstein-Barr. Waliobainika kuwa nazo mara mbili ndio waliochunguzwa kwa kamera. Saratani iligunduliwa kwa 34, wengi ikiwa changa bado. Sisi Wakenya hushangilia mitambo (ndiyo mazoea yetu!) kabla ya kumfunza wa kuitumia. Mwanafunzi aliyeziba sikio moja miezi kadhaa, huku akitokwa damu puani, nani atamtambua, na daktari wa pua na koo yuko umbali gani naye?