Filamu Sita na Sura Yetu Kwenye Kioo cha Sinema

Mjadala wa sinema hapa Pwani mara nyingi huishia kwenye swali moja: je, ni halali ama ni haramu? Swali hilo nawaachia mashekhe wenye elimu yake. Langu mimi ni jingine, nalo ni hili: yule Mwislamu, yule Msomali, yule mtu wa Pwani aonyeshwaye kwenye kioo, kaonyeshwa na nani, na kwa faida ya nani?

Ndugu msomaji, hili si swali la kupitishia wakati. Tangu shambulizi la Westgate mwaka 2013 na lile la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, kijana wa kanzu na kofia amejikuta akitazamwa kwa jicho la shaka ndani ya basi na penye kizuizi cha polisi. Anayemtazama hivyo pengine hajapata kuketi na Mwislamu barazani hata siku moja; anamjua kwa sinema tu. Nao watoto wetu, ambao siku hizi hubeba jumba zima la sinema mfukoni ndani ya simu, hujifunza humo humo kwamba wao ni nani. Kwa hivyo nimechagua filamu sita za namna mbalimbali, nami nitasema kila moja nilivyoiona.

Ya kwanza ni "Captain Phillips" ya mwaka 2013. Naanza nayo kwa kuwa meli yenyewe, Maersk Alabama, ilikuwa njiani kuja bandari yetu ya Mombasa na shehena ya chakula cha msaada, ilipotekwa na maharamia wa Kisomali mwezi wa Aprili 2009. Stelingi ni Tom Hanks, lakini aliyenishika mimi ni Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu ambaye hakuwa amepata kuigiza, na ambaye aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Uso wake mkondefu una njaa, ujanja na hofu kwa wakati mmoja. Kasoro ni kwamba nahodha tunaonyeshwa mkewe na nyumba yake, lakini haramia hatumjui mamake. Habari za meli za kigeni zilizokuja kuzoa samaki baharini mwa Wasomali baada ya serikali yao kuanguka mwaka 1991 zinapitiwa kwa maneno machache. Sisemi kwamba uharamia ni haki. Mabaharia wasio na hatia wameteswa. Nasema kisa kilichoanzia katikati ni nusu ya kisa.

Ya pili ni "Lion of the Desert" ya mwaka 1981, iliyotengenezwa na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab nchini Syria. Inamhusu Omar Mukhtar, mwalimu wa Kurani aliyepigana na Wataliano huko Libya kwa muda wa miaka 20 hivi, mpaka wakamnyonga mwezi wa Septemba 1931 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Anthony Quinn anamwigiza kwa utulivu mkubwa. Kilichonigusa zaidi si vifaru na farasi, bali pale mzee anapokataa kumwua adui aliyekwisha shindwa, kwa kuwa hataki kufunzwa ukatili na wakatili. Fedha za filamu zilitoka kwa serikali ya Gaddafi, na yafaa tuitazame tukilijua hilo. Lakini kambi zilizozungushiwa seng'enge, ambamo watu wa jangwani walikufa kwa maelfu, hazikubuniwa na mtu. Italia iliipiga filamu hii marufuku mwaka 1982, na haikuonyeshwa kwenye televisheni huko mpaka mwaka 2009. Akkad mwenyewe aliuawa kwa bomu mjini Amman mwaka 2005. Mtu aliyetumia umri wake kuwaeleza walimwengu habari za Uislamu aliuawa na watu waliodai kuupigania.

Ya tatu haina bunduki hata moja. Ni "Children of Heaven" ya Majid Majidi, iliyotoka Iran mwaka 1997. Mtoto Ali anapoteza viatu vya dadake, na kwa kuwa baba yao ni maskini, wawili hao wanaamua kuvaa jozi moja kwa zamu: dada asubuhi, kaka mchana. Kisha Ali anaingia mashindano ya mbio akitaka kuwa wa tatu, kwani zawadi ya wa tatu ni viatu. Anatokea kuwa wa kwanza, na analia. Humo mna kipande ambacho kila mzazi angepaswa kukiona: baba anavunja sukari ya msikiti huku chai yake mwenyewe haina sukari, wala hachukui hata chembe, kwa sababu ile ni amana. Sijasikia mawaidha ya uaminifu yaliyonikaa moyoni kama kikombe kile cha chai.

Ya nne ni "Timbuktu" ya mwaka 2014, kazi ya Abderrahmane Sissako wa Mauritania. Inasimulia siku ambazo mji huo wa Mali ulitekwa na wenye silaha mwaka 2012. Muziki wapigwa marufuku, kandanda pia, na vijana wanacheza mpira usiokuwapo, wakikimbia na kupiga mashuti hewani. Muuza samaki anaamriwa avae glavu, naye anauliza atawezaje kuosha samaki. Lakini anayewakabili wenye silaha kwa hoja za dini ni imamu wa mji, ndani ya msikiti walimoingia na bunduki. Anayetaka kujua nani alionewa kwanza na watu hao aitazame: ni Waislamu.

Ya tano ni "Watu Wote" ya mwaka 2017, ya dakika 22 tu, inayotokana na tukio la kwetu Kenya. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa, na abiria wakaamriwa watengane, Waislamu upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Waislamu walikataa, na wanawake wakawafunika wenzao Wakristo kwa hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Filamu ni nzuri, na ilifika mpaka kuwania Oscar. Lakini iliongozwa na Katja Benrath, mwanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani. Namshukuru kwa dhati, kisha nauliza: sisi tulikuwa wapi?

Ya sita inatugeuzia kioo wenyewe. "The Letter" ya mwaka 2019, ya Maia Lekow na Christopher King, inamfuata kijana aishiye Mombasa ambaye nyanya yake, bikizee wa zaidi ya miaka 90, anaitwa mchawi huko Kilifi. Anaporudi nyumbani anakuta kwamba nyuma ya tuhuma hiyo pana shamba. Wazee wameuawa kwa visingizio vya namna hii katika Pwani yetu, na mvi zimegeuzwa hatia. Hapa hapana mgeni wa kumlaumu. Filamu hii yauma kwa sababu ni ya kweli, na yafaa ionyeshwe vijijini kuliko hotelini.

Ukizipima zote sita, utaona kwamba zinazotufaa si zile zinazotusifu. Omar Mukhtar, baba wa Ali na imamu wa Timbuktu si malaika. Ni watu wenye mipaka wasiyokubali kuivuka. Huyo ndiye Mwislamu ambaye mtoto wetu anahitaji kumwona. Kumnyang'anya simu hakutoshi, kwani ataazima ya mwenzake. Afadhali mzazi aketi naye, watazame pamoja, kisha wazungumze.

Na wenye vipaji wachukue kamera. Wazanzibari na wenzao wa bara walitoa "Vuta N'Kuvute" mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, kwa Kiswahili, nayo ikaonyeshwa Toronto. Lamu, Malindi na Vanga zina visa visivyopungua hivyo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Tusipovisimulia visa hivyo wenyewe, tusishangae wageni wakituletea vikiwa nusu.