Timu ya Mkoa Isicheze Mjini Tu

Jamani wanachuo wenzangu, tukikaa kantini Jumamosi ubishi ni uleule, Simba na Yanga. Uwanja wa Benjamin Mkapa ukifungwa kwa matengenezo tunabishana kidogo kwamba wataenda wapi, Uhuru au KMC kule Mwenge, halafu yanaisha. Shabiki wa Dar hapungukiwi kitu, anabadilisha daladala tu.

Mimi natoka Mbuji, wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Timu ya mkoa wetu ni Majimaji ya Songea, Wanalizombe. Lizombe yenyewe ni ngoma ya Wangoni, lakini sisi Wamatengo hatukuwahi kususa, timu ikifunga tunashangilia kama yetu. Majimaji ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2015/16 mpaka iliposhuka mwaka 2018. Kwa misimu mitatu Simba, Yanga na Azam walikuja mkoani kwetu kila mwaka. Nilikuwa na umri wa kukariri kikosi chote kutoka redioni. Hata hivyo mechi ya Ligi Kuu niliiona kwa macho yangu mara ya kwanza nikiwa Dar es Salaam, tayari nimeanza chuo, kwa hela ya bumu.

Piga hesabu uone. Kutoka Mbuji unapanda bodaboda mpaka Mbinga mjini. Kutoka hapo kwenda Songea ni kama kilomita 100, barabara ni ya lami, hapo sina neno. Mechi inaanza saa kumi alasiri na inaisha karibu na magharibi. Utarudi na nini? Kwa hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, chakula, na juu yake pa kulala. Kwa mkulima wa kahawa mwenye watoto wanne hiyo siyo burudani, hiyo ni safari ya msiba. Na huyo bado yuko karibu. Wa Lituhi au Liuli, kule ziwani, au wa Tunduru upande wa pili wa mkoa, tusiseme.

Sasa mtu ataniambia, kijana, ndiyo mpira ulivyo, timu ina uwanja mmoja na uwanja uko mjini. Mimi sikubali kwamba ni lazima iwe hivyo.

Katika kusoma kwangu mambo ya elimu ya michezo nilikutana na kriketi ya Uingereza. Mchezo wenyewe sijauelewa mpaka leo, wanacheza siku nne halafu wanatoka sare. Lakini timu zao za juu ni za kaunti, na kaunti tuseme ni kama mkoa kwetu. Yorkshire makao yake yako Leeds, uwanja wa Headingley, ila kila mwaka inakwenda kucheza Scarborough, mji wa pwani. Derbyshire inatoka Derby inakwenda Chesterfield, inacheza katika bustani ya umma. Walionivutia zaidi ni Essex. Waliachana na uwanja wao wa Leyton mwaka 1933, na kwa miaka zaidi ya 30 wakawa wanazunguka tu, leo Southend, kesho Colchester, keshokutwa Ilford, mpaka walipotulia Chelmsford miaka ya 1960. Siwapambi. Walizunguka kwa sababu ya shida, na siku hizi kaunti nyingi zimepunguza safari hizo kwa kuwa zina gharama. Lakini wazo lililokuwa nyuma yake ni rahisi: timu ikibeba jina la eneo zima, watu wa eneo hilo wana haki ya kuiona bila kulala safarini.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Novemba 2022 Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Waliofuta rekodi hiyo ni Ihefu, 2-1, na siyo Dar wala Mbeya mjini, ni Mbarali, uwanja wa Highland Estates, huko kwenye mashamba ya mpunga. Ruangwa nako, wilaya ya Lindi ambayo wengi humu hawawezi kuionyesha kwenye ramani, Namungo wanacheza Ligi Kuu kwenye uwanja wa Majaliwa. Basi hoja kwamba wilayani hapawezekani imeshakufa.

Ila Mbarali ina upande wake wa kuumiza. Mwaka 2024 Ihefu ilihamishiwa Singida, ikabadilishwa na jina, sasa ni Singida Black Stars. Wale waliokwenda uwanjani siku ile ya Yanga wamebaki na magoli na nyasi. Kama uwanja wa nyumbani unaweza kuhama kilomita mamia kwa uamuzi wa wenye timu, basi nyumbani hapo ni kwa nani?

Swali hilo linanipeleka kwenye umiliki, na naomba tusilifanye la vyama. Viwanja vingi vikubwa vya mikoani, ukiwemo Majimaji wenyewe, viko mikononi mwa CCM tangu enzi za chama kimoja, wakati mchango wa mwananchi ulikuwa unakwenda kote kwa pamoja, chama na serikali. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992 viwanja vikabaki chamani. Unaweza kuona ni sawa, unaweza kuona siyo sawa. Ninachosema ni kwamba halmashauri ya wilaya ikisubiri uwanja wa chama cha mkoa itasubiri sana. Ijenge wake.

Tena kwetu kujenga kunataka mipango mapema. Anayeijua nchi ya Wamatengo anajua ni milima mitupu, ndiyo maana wazee walibuni mashimo ya ngoro ili udongo usishuke na mvua. Ardhi tambarare ni kama dhahabu, na pale ilipopatikana pana kanisa, shule, na kiwanja cha shule. Kiwanja nilichokulia goli moja liko juu kuliko jingine. Nahodha akishinda kura haangalii jua wala upepo, anaomba kushambulia kwa kuteremka. Ukikosa goli la chini mpira unaingia kwenye kahawa ya watu, na mwenye shamba ana maneno yake. Mwaka huu nilipokuwa kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo niliona kipande kingine cha tambarare kinawekwa bikoni za nyumba. Kikishajengwa hakirudi.

Najua vigezo vya Bodi ya Ligi. Uzio, vyumba vya kubadilishia nguo, eneo la kuchezea, na hata viwanja vikubwa vinafungiwa vikikosa hivyo. Ndiyo maana siombi Simba waje Mbinga kesho. Naomba halmashauri ya Mbinga na ya Nyasa zitenge eneo moja moja, liwe na hati, lisiguswe. Mashindano ya UMISSETA ya wilaya yachezwe hapo, watoto wapate kukimbia kwenye uwanja usio na mlima. Na uongozi wa Majimaji, ligi yoyote watakayokuwepo, walete mechi moja ya kirafiki kabla ya msimu, Julai hivi. Mvua hakuna, kahawa inavunwa, mifukoni kuna chochote cha kiingilio. Lami sasa inafika mpaka Mbamba Bay, basi la timu litapita bila kusukumwa.