Simu Hii ni ya Nani?

Mtu akinunua jembe, jembe ni lake. Aweza kulitia mpini mrefu au mfupi, aweza kumwazima jirani, na likipata ufa aweza kulipeleka kwa mhunzi yeyote amtakaye. Hakuna kiwanda duniani kiwezacho kumwandikia barua ya kumwambia kwamba tangu mwezi ujao jembe lake halitalima tena. Mtu huyo huyo akinunua simu ya kisasa kwa bei ya majembe ishirini, hupewa risiti na sanduku zuri, naye huenda zake nyumbani akiamini kuwa amenunua kitu. Mimi nasema hakununua. Amepangishwa.

Neno hilo ni zito, na msomaji ana haki ya kudai ushahidi. Basi na tuifungue simu. Ndani yake mna vyuma, kioo na betri. Lakini vitu hivyo peke yake ni maiti. Kinachovipa uhai ni programu kuu iitwayo mfumo wa uendeshaji. Huo ndio uamuao nini kitatendeka kidole chako kikigusa kioo, ni programu zipi nyingine zitakazoruhusiwa kuingia, na ni habari zako zipi zitakazotoka. Mfumo huo huandikwa na watu, mstari kwa mstari, kama kitabu kiandikwavyo. Mwenye mamlaka juu ya maandishi hayo ndiye mwenye simu. Wewe mwenye risiti umeshika kioo tu.

Leo karibu simu zote za kisasa duniani huendeshwa na mifumo miwili, na yote miwili ina wenyewe huko California. Mmoja ni wa Apple, uliotoka pamoja na simu ya iPhone mwaka 2007. Huo umefungwa, na Apple haikudai kamwe kuwa ni mali ya umma; una kosa la uchoyo, lakini hauna kosa la unafiki. Wa pili ni Android, ambao Google iliununua mwaka 2005 na kuutangaza mwaka 2007. Android umejengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, naye akaitoa kwa walimwengu bila malipo. Maandishi ya msingi ya Android yako wazi hata leo. Mtu yeyote aweza kuyasoma na kuyageuza. Lakini duka la programu, ramani, na huduma nyingi ambazo programu nyingine huziegemea, hazimo katika maandishi hayo. Hizo ni mali ya Google, na mtengenezaji wa simu azitakaye hana budi kutia sahihi masharti yake. Ni sawa na mtu aliyewakaribisha wanakijiji wote kisimani, kisha akaificha kamba chini ya godoro lake.

Mwaka 2018 Halmashauri ya Umoja wa Ulaya iliyachunguza masharti hayo, ikaona kwamba watengenezaji waliotaka duka la Google walilazimishwa kupokea na vitu vingine vya Google, na walizuiwa kuuza simu zenye Android iliyogeuzwa bila kibali cha Google. Faini ikawa euro bilioni 4.34. Google ilikata rufani; mwaka 2022 mahakama iliipunguza faini hadi euro bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya hukumu ikabaki pale pale.

Wapo Wakenya wengi wachukuao simu kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo. Mdeni akikosa kulipa, simu hufungwa kwa mbali na kukataa kazi mpaka fedha zitolewe. Watu huilalamikia kufuli hiyo, nami siwalaumu. Lakini kwa haki, kufuli hiyo ina mwisho. Deni likiisha, huondolewa. Kufuli niisemayo mimi haina siku ya kuisha. Umelipa fedha zote taslimu, huna deni la mtu, na bado simu yako itaukataa mfumo mwingine ikiwa mtengenezaji hakupenda kukupa ufunguo.

Tazama yaliyoipata Huawei. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilitangaza kuwa haitawapa tena wateja wake namba za kufungulia simu zao ili watie mifumo mingine. Mwezi Mei mwaka 2019 serikali ya Marekani iliiingiza Huawei katika orodha ya kampuni zisizouziwa teknolojia ya Marekani bila idhini, na simu zake mpya za Septemba mwaka huo zikatoka bila duka wala huduma za Google. Aliyewanyima wengine ufunguo alijikuta naye yuko nje ya mlango. Huawei ilikuwa na fedha na wahandisi wa kutosha kujiandikia mfumo wake. Sisi hatuna, kwa hiyo sisi ndio wenye haja kubwa zaidi ya mfumo ambao ugomvi wa mataifa mengine hauwezi kuufunga.

Mifumo ya namna hiyo ipo, nayo huitwa mifumo huria. Maana ya uhuria si kupatikana bure, ingawa mingi ni ya bure. Maana yake ni kwamba maandishi yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Tofauti yake na mifumo iliyofungwa huonekana vizuri zaidi siku ya msiba. Tarehe 4 Januari mwaka 2022, kampuni ya BlackBerry ilizima huduma za mifumo yake ya zamani, ikawatahadharisha wenye simu hizo kwamba hata kupiga simu na kutuma ujumbe hakutakuwa na uhakika tena. Simu nzima, zisizo na ufa, zikawa mawe. Sasa linganisha na CyanogenMod, mfumo huria uliotokana na Android mwaka 2009 kwa juhudi za Steve Kondik. Kampuni iliyokuja kuanzishwa juu yake ilizifunga huduma zake mwishoni mwa mwaka 2016. Je, mfumo ulikufa? Haukufa. Maandishi yalikuwa mikononi mwa watu wengi, nao wakayaendeleza kwa jina la LineageOS, na wanayaendeleza hadi leo kwa kujitolea. Mwenye mali alipoanguka, mali haikuanguka pamoja naye.

Nami nilionja jambo hili. Nilikuwa na simu niliyoinunua mwaka 2016. Kioo chake kizima, betri yake si mbaya, sauti yake safi. Lakini programu moja baada ya nyingine zikawa zinaikataa. Nilimpelekea fundi mmoja jijini Nairobi. Aliigeuza mkononi akaniambia, "Mzee, simu yako haina ugonjwa. Imeachwa tu." Maana yake mtengenezaji alikuwa ameacha zamani kuiletea marekebisho. Binti wa ndugu yangu, aliyekuwa kidato cha nne, aliposikia hayo aliazima kompyuta na waya, akanionya kwamba picha zangu zote zitafutika, akaanza kuitia LineageOS. Mara ya kwanza alishindwa, na kioo kikabaki na alama moja isiyotoka. Mara ya pili simu iliamka.

Sitaki kumdanganya kijana kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Programu ya benki yangu iliikataa simu ile, kwa sababu benki nyingi hutumia kipimo cha Google kuuliza kama mfumo wa simu umethibitishwa, na mfumo huria mara nyingi hushindwa katika kipimo hicho. Hilo ni pingamizi la kweli. Lakini msomaji na apime ni la nani. Hatia ya mfumo huria hapa ni kukosa muhuri wa mshindani wake. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 ilipita katika kadi ya simu yenyewe, ikafanya kazi katika simu za bei ndogo kabisa bila kuuliza mfumo wake ni wa ukoo gani. Na njia hiyo haikuikataa simu yangu. Fedha zaweza kulindwa bila kumfanya kila mtu mpangaji wa Google.

Wengine husema ya kuwa maandishi yakiwa wazi, wezi nao watayasoma. Ni kweli watayasoma. Na walinzi watayasoma vile vile, nao ni wengi. Ni kweli pia kwamba simu iliyofunguliwa kufuli yake ya kuwashia hupoteza kinga moja dhidi ya mwizi aishikaye mkononi. Lakini simu iliyoachwa na mtengenezaji ina matundu yajulikanayo na wezi wote duniani, wala hakuna wa kuyaziba. Na tukizungumza habari za wezi, tusisahau wale waingiao kwa mlango wa mbele. Mwaka 2021 wataalamu wa Trinity College ya Dublin na wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walizipima simu za Samsung, Xiaomi, Realme na Huawei, pamoja na mifumo ya LineageOS na /e/OS. Simu zilikuwa zimelala, na njia za kutoa habari zimebanwa kadiri ilivyowezekana. Hata hivyo habari nyingi ziliendelea kutiririka kwenda kwa watengenezaji na kwa Google. Hata LineageOS, iliyokuwa imetiwa programu za Google, haikupona. Ni /e/OS, mfumo huria ulioanzishwa na Mfaransa Gaël Duval, ambao karibu haukutuma kitu.

Jambo linalowahusu vijana wa shule zaidi ya wengine ni la juzi. Mwezi Agosti mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 katika nchi za Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingineko tangu mwaka 2027, simu za Android zilizothibitishwa zitakubali tu programu za waandishi waliojiandikisha kwake, hata kama programu hazikutoka katika duka lake. Watu walipiga kelele, na mwezi Novemba Google ikaahidi njia ya pembeni kwa wajuzi walio tayari kubeba hatari. Watetezi wake husema nia ni kuwazuia matapeli, na ya kwamba wanafunzi wamewekewa utaratibu mwepesi. Matapeli wapo, sikatai. Lakini ombi jepesi la ruhusa bado ni ombi la ruhusa. Mwanafunzi wa Kakamega aliyeandika programu ndogo ya kuwafunza wenzake hisabati, naye ataka kuitia katika simu ya rafiki aketiye dawati moja naye, kwa nini asubiri kuruhusiwa na mtu aliye California?

Wala si lazima hali iwe hivi. Fairphone, kampuni ya Uholanzi, ilitoa simu yake ya pili mwaka 2015 na kuiletea marekebisho hadi mwaka 2023, ingawa waliotengeneza kiini cha simu hiyo walikuwa wameacha kukihudumia mapema. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, sheria yawataka watengenezaji kuendelea kutoa marekebisho ya mfumo kwa muda wa miaka mitano angalau baada ya kuacha kuuza simu ya aina hiyo. Bunge letu laweza kudai hayo, na laweza kuongeza sharti moja ambalo halitamgharimu mtengenezaji hata shilingi: siku atakapoiacha simu, na amkabidhi mnunuzi ufunguo wake.

Simu yangu ya mwaka 2016 sasa anayo yule binti. Haina benki ndani yake. Ina vitabu, redio, kamusi na programu moja aliyoiandika mwenyewe ya kuhesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani, nayo aliitia humo bila kumwomba mtu.